Digrii Hamsini na Nane

Kwa miaka mitatu jina langu, Mbakisi, lilikuwa la kwanza kwenye ubao wa kundi letu, na nisiwafiche, nilikuwa nimezoea. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikutana watu tisa, kumi hivi, kwenye ukumbi wa kanisa pale Monarch, hapa hapa Francistown, kila mmoja na kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake. Mchezo wenyewe ni huu: unaipandisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani, unaibebesha hesabu nzito kwa nusu saa, halafu tunasoma joto. Ikigusa digrii tisini, umetoka. Atakayemaliza kwa kasi kubwa kuliko wenzake ndiye wa kwanza, na joto lake linaandikwa pembeni kwa chaki.

Kasi si tatizo, yeyote anaweza kuipandisha. Tatizo ni joto. Mwezi wa kumi kwetu hata bomba la maji baridi linatoa maji ya kuogea mgonjwa. Mimi nilikuwa nimekata ubavu wa kasha la kompyuta kwa msumeno, nikafunga feni tatu. Krimu ya kupitisha joto nilipaka kwa ukingo wa kadi ya simu, nyembamba mpaka unaona chuma chini yake. Nilikuwa namaliza na digrii themanini na moja. Wenzangu walikuja kuchungulia na kuuliza, nami, mwalimu wa hesabu, nilipenda sana kuulizwa.

Aliyemleta Unami ni Othusitse, rafiki yangu tangu tukiwa shule ya msingi. Mwanamke mfupi, mikono imejaa makovu ya kuungua. Kazi yake kutengeneza majokofu ya mabucha na maduka. Aliingia ukumbini na kompyuta yake kwapani, na mkono wa pili amebeba rejeta ndogo ya gari, ile ya kupasha joto ndani, ameing'oa kwenye yadi ya magari mabovu.

"Dada," nikamwambia, "mbona umekuja na kiungo? Gari lenyewe liko wapi?"

Watu wakacheka. Yeye akaweka mzigo wake mezani bila haraka.

"Limekufa, rra," akasema, akiniita bwana kwa Kitswana. "Nimebaki na figo lake."

Wakacheka zaidi, na safari hii hawakuwa wakicheka tu, walikuwa upande wake. Akafunga mipira miwili ya kupitishia maji, akawasha pampu ndogo ya bustani, maji yakaanza kuzunguka kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye rejeta na kurudi. Nusu saa ikaisha. Othusitse akainama kusoma skrini, akasoma tena.

"Hamsini na nane," akasema. "Jamani! Hamsini na nane, na kasi imempita Mbakisi!"

Akaenda kwenye ubao, akafuta jina langu kwa kiganja. Hakutafuta hata kitambaa. Nilimwona akijipangusa chaki kwenye suruali huku akicheka na Unami.

Nilimpongeza, ndiyo. Nilimpa mkono. Lakini wiki ile nzima nilikuwa naandika milinganyo ubaoni darasani na kichwani nasikia ile sauti: hamsini na nane, hamsini na nane. Nikawapigia wenzangu mmoja mmoja kuwaambia maji si haki, kundi letu ni la feni. Hakuna aliyeniunga mkono. Mmoja akaniuliza moja kwa moja, "Mwalimu, ungesema hivyo kama rejeta ingekuwa yako?" Nikasema mtandao unakatika.

Kilichoniuma zaidi ni Jumatano. Jumatano jioni Othusitse alikuwa anakuja kwangu, tunafungua kompyuta, tunabishana, mke wangu anatuletea uji wa mtama. Jumatano ya kwanza baada ya hapo hakuja. Ya pili nikampigia.

"Niko karakana kwa Unami," akasema. Nyuma yake nikasikia nyundo. "Njoo bwana! Huyu dada ana vitu humu, utachoka mwenyewe."

"Nina madaftari ya kusahihisha."

Sikuwa na daftari hata moja.

Mkutano uliofuata, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, Unami alishinda tena. Nilisogea kuangalia kazi yake nikijifanya napita tu. Kuizunguka prosesa, kwenye bodi inayobeba vifaa vyote, alikuwa amepaka mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini, na juu yake akabana sponji nyeusi. Mipira nayo ameivika sponji mwanzo mpaka mwisho.

"Hii ni kompyuta au mtoto mchanga?" nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Umeshaipaka na poda?"

Othusitse alitabasamu kidogo, kwa adabu tu. Unami hakukasirika.

"Najiandaa," akasema. "Nataka kuingiza maji baridi kweli kweli, ya kupozwa na kompresa ya friji. Sasa mvua zikianza, ubaridi huo na hewa yenye unyevu..."

"Sikuuliza, mma," nikamkata, nikimwita bibi kwa heshima ya mdomoni. "Nilikuwa natania."

Akanitazama, akageukia kazi yake. Angeweza kuendelea na sentensi, wala isingemchukua muda. Mimi ndiye niliyeifunga.

Lakini neno moja nililibeba mpaka nyumbani: maji baridi kweli kweli. Kama yeye anataka, mimi nitamtangulia. Nikanunua pampu, mipira, na kile kibati cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji. Nikachukua boksi la barafu tunalobebea nyama tukienda shambani kwa wakwe, nikalijaza maji na mapande ya barafu, nikatumbukiza pampu. Rejeta ya nini? Hewa ya nyumbani ilikuwa kavu kama unga, jua linachoma mabati. Nikaendesha nusu saa. Digrii arobaini na nne.

Nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi. Mke wangu akachungulia.

"Umefaulu nini?"

"Subiri Jumamosi."

"Othusitse ameona?"

"Ataona na wengine."

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri ya Jumamosi ya mkutano, mwezi wa kumi na moja. Ilinyesha kwa nguvu, na tulipofika ukumbini jua lilikuwa limetoka tena na barabara inafuka mvuke. Mle ndani shati lilinata mgongoni. Vioo vya madirisha vilikuwa vimefunga ukungu. Nilifurahi kuona joto hilo, nikajua feni za wenzangu zitateseka.

Kura ikaniweka wa nne. Nikawasha kompyuta na kufungulia maji ya barafu mapema, ili nikiitwa prosesa iwe imeshapoa, nikakaa na mikono kifuani kusubiri. Watu walikuja kulitazama boksi. Othusitse akalipiga kofi mfuniko.

"Kumbe na wewe umehamia majini! Mbona hukuniambia?"

"Wewe una fundi wako," nikamjibu.

Tabasamu likamfutika. Wakati huo huo Unami alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama bodi yangu. Akasogea haraka.

"Zima," akasema. "Mwalimu, zima sasa hivi, inatoa jasho."

Nilichosikia mimi ni mwanamke anayetaka kunizuia nisimpite. Kweli, hicho tu ndicho nilichosikia.

"Umeogopa?" nikamwambia. "Kaa chini, zamu yangu inafika."

"Angalia mpira wako."

Niliangalia. Mpira ulikuwa umelowa wote, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone yaliteremka taratibu, yakakutana kwenye kile kibati cha shaba, yakaning'inia pale. Nilinyoosha mkono kwenye swichi, nikachelewa. Kikasikika kitu kidogo, tik, skrini ikawa nyeusi, halafu ikaja ile harufu ya plastiki iliyoungua ambayo kila mmoja pale ukumbini aliijua.

Hakuna aliyecheka. Ningependelea wacheke.

"Ulijua," nikamwambia Unami. "Ulijua tangu mwezi uliopita."

"Nilijua. Nikaanza kukueleza, ukaniambia hukuuliza."

Othusitse akasema, "Mbakisi, acha. Acha tu." Hakuyasema kwa ukali, ila alikuwa tayari ameshika bisibisi, ananisaidia kufungua, na wala hakunitazama usoni.

Kompyuta ile ililala wiki mbili chini ya meza yangu. Mwishowe niliifunga kwenye taulo nikaipeleka mwenyewe karakana, Jumatano, saa kumi jioni. Othusitse alikuwepo. Unami akachukua bodi, akaisugua kwa spiriti na mswaki, akaipima sehemu kwa sehemu.

"Bodi imekufa," akasema. "Prosesa nadhani imepona. Nina bodi yangu ya zamani, inakaa bure. Chukua."

Nilitaka kukataa. Nilitamani awe mtu mbaya, ingenirahisishia mambo. Nikaipokea, nikasema asante. Akanionyesha jinsi ya kupaka mafuta na kubana sponji hewa isipenye hata kidogo, nami nikamsikiliza mpaka mwisho.

Halafu akaniuliza swali. "Mwalimu, wewe ulifikaje themanini na moja kwa feni tu, kwa kasi ile? Mimi na feni nilishindwa kabisa. Ulipunguza umeme?"

Ni kweli. Yeye alijua kuondoa joto kuliko sisi sote. Mimi nilijua kuilisha prosesa umeme mdogo, tone kwa tone, ikimbie bila kuzimika na joto lisizaliwe jingi. Mipangilio yenyewe ni minne. Nilikaa kwenye kiti chake, Othusitse akavuta ndoo akakaa karibu yangu, nikamwonyesha Unami mpangilio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, ambao ndio mkubwa, niliuruka. Nilifanya makusudi, mdomo wangu ukieleza na moyo wangu ukihesabu.

Siku nne nilikaa na mpangilio ule moyoni. Jumapili nikiwa kanisani nilikuwa naufikiria. Jumatatu nikampigia simu, nikamwambia kuna mpangilio mmoja niliusahau.

"Nimeshauona," akasema Unami. "Nilikaa nao Alhamisi nzima mpaka nikaupata. Nilikuwa nangoja tu uniambie."

Nilikata simu kwa hasira. Kisha nikampigia tena kumuuliza mpangilio ule umempa digrii ngapi.