Doa la Viganja

Fundi rangi huyu, tumpe haki yake, kazi aliijua. Hospitali ilipotaka ukumbi wa kusubiria ulio mbele ya chumba cha upasuaji upakwe upya, aliitwa yeye. Akaanza na doa kubwa jeusi karibu na mlango, usawa wa bega. Alilisugua kwa sabuni na msasa asubuhi nzima, akinung'unika kwamba watu hawana adabu, wanafuta mikono ukutani kama wako jikoni kwao. Kisha akapaka rangi juu yake, ukuta ukawa mweupe pe.

Adhuhuri dada yake mkubwa alimletea chakula. Aliutazama ukuta, akaweka bakuli chini.

"Mdogo wangu, hapo mlangoni umefanya nini?"

"Palikuwa na uchafu, dada. Nimeutoa wote!"

"Ule si uchafu. Ni mikono ya watu."

Akamweleza. Kila anayesubiri mgonjwa wake hushika pale. Hakuna aliyeagiza, unamkuta mwenzako ameshika, akiondoka unashika wewe.

"Siku ya upasuaji wa mama nilishika tangu walipomwingiza. Nilijiambia nikiachia tu, na yeye ataachia."

Siku ile fundi alikuwa akipaka sebule ya tajiri mmoja. Alisema anamalizia ukuta mmoja tu, anakuja. Akamaliza ukuta, akamaliza na dari. Alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka hadi usoni. Miaka miwili hakuthubutu kumuuliza dada yake alisimama wapi. Leo ameambiwa, na mahali penyewe ameshapasugua kwa msasa. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Nisamehe, dada. Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuwepo."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Basi shika tena," fundi akasihi. "Rangi haijakauka, mkono utabaki."

Dada akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Mimi zamu yangu nilishashika. Shika wewe."

Alasiri msimamizi angekuja kukagua kazi. Fundi alilijua hilo, akavua glavu, akakandamiza kiganja ukutani. Rangi ilikuwa baridi. Akalia pale pale kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, akimwomba mama yake radhi, na mkono asiuondoe.