Kidole cha Mfadhili

Mama mwenye mtoto anayevuka mto kwenda shule, soma haya kwanza, halafu ndiyo umwambie mwanao kwaheri.

Kijiji chetu kiko upande huu wa mto Ruvubu, shule iko ng'ambo. Wakimbizi walipojaa kambini na magari meupe ya mashirika yakaanza kupita, sisi wenyeji tulinung'unika kwamba kuni zimekwisha porini na hatujapewa hata sabuni. Ndipo shirika moja likatuletea mtumbwi wa mbao, mkubwa, wa bluu, na ubavuni wamechora mikono miwili inasalimiana, mmoja mweupe, mmoja mweusi. Tuliupigia vigelegele. Mzee Gaspari akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mtumbwi, na tangu siku hiyo aliitunza ile mikono kuliko ya kwake mwenyewe.

Mtumbwi wa mbao unavutwa nchi kavu ukauke, kisha maungio yake yanazibwa kwa pamba na lami. Hilo hata kuku wetu wanalijua. Nyanda, mpiga kasia, aliomba afanye hivyo. Gaspari alikataa. Alisema changarawe zitabandua rangi, na lami itapita kama kovu juu ya vidole vya mfadhili. Basi mtumbwi ukafungwa kwenye mti, ukakaa majini masika na kiangazi. Tukakatazwa kupanda na majembe. Mbuzi wakakatazwa kwa sababu ya kwato. Mwenye viatu alivivua, ingawa kanisani tunaingia navyo. Rangi ikibanduka kidogo tu, anaitwa Havyarimana, Mrundi aliyekuwa akiandika vibao kule kambini, aje apake. Havyarimana alimweleza kwamba rangi haishiki kwenye ubao uliolowa. Gaspari akamwambia apake mara mbili.

Maji yalikuwa yanaingia, ndiyo. Watoto walipewa makopo matupu ya mafuta ya msaada wachotee maji hayo na kuyamwaga nje wakivuka. Mwanangu Priscila alirudi sketi inachuruzika, na nikimuuliza ananijibu kwamba leo alichelewa, akakalishwa upande wa mkono mweupe, ndiko kunakovuja zaidi.

Ikaja habari kwamba wageni wa shirika wanakuja kuutazama mtumbwi wao. Gaspari akapanga kwaya ya shule ipakiwe yote, Priscila mbele, iimbie katikati ya mto, mle mle wanamoibuka viboko, wageni wapige picha toka ukingoni.

Siku moja kabla, nilikuwa mtoni nafua. Nikauona ule mtumbwi unang'aa. Nikabonyeza kwa kidole gumba chini ya mkono mweupe. Kidole kikazama. Ubao ulikuwa laini kama muhogo uliovundikwa.

Nikamwita Gaspari, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwonyesha. Aliinama akalitazama lile tundu, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

"Umemvunja mfadhili kidole, Mama Priscila."

"Mzee, watoto watazama."

"Wageni wanafika kesho, wewe leo unamtoboa mtu mkono. Mpaka Rusumo watasema kijiji hiki hakina shukrani."

Akamwita Havyarimana. Yule bwana alilitazama tundu, akanitazama mimi, akasokomeza kipande cha turubai la kambini na kupaka rangi juu. Kidole kikapona.

Nilizunguka kwa akina mama wenzangu. Leonsia, ambaye wanawe wawili wako kwenye kwaya, aliniambia nisilete mkosi, maana wageni wakifurahi huenda tukapata na kisima. Wengine walisema hivyo hivyo. Kumficha Priscila ndani ningeweza, lakini hao wengine je?

Asubuhi niliugusa tena ubavu wa mtumbwi. Kidole kikatoka na bluu. Nikamwendea Gaspari mbio, amevaa koti.

"Mzee, rangi haijakauka. Watoto wanapandia ubavuni kwa tumbo. Mikono yote ya mfadhili itaondoka na mashati yao."

Hapo ndipo alipoogopa. Akaamuru mtoto yeyote asikaribie, kwaya iimbie nchi kavu. Lakini mtumbwi mtupu utapendezaje pichani? Akasema atapanda yeye. Nyanda akampa kasia kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Nenda tu, mzee. Mimi miguu yangu ina tope, nitakuchafulia."

Akasukumwa taratibu, kamba ya ukingoni ingali imefungwa. Hakufika mbali. Turubai lilichomoka, mtumbwi ukaanza kushuka sawasawa bila kuyumba, naye amesimama wima, mkono juu, anawapungia wageni mpaka maji yakamfika kifuani. Wageni walidhani ndiyo mila yetu, wakapiga makofi. Kwaya haikukatiza wimbo wa shukrani. Priscila aliimba mkavu, nami nimemshika sketi kwa nyuma.

Wanaume waliuvuta mtumbwi juu ya changarawe, ukakauka kwa mara ya kwanza. Nyanda amebadilisha ubao, ameziba kwa pamba na lami. Kisima hatujapata. Shirika liliguswa sana, likatuletea zawadi ya rangi, debe zima, na Gaspari anazunguka akiuliza kama kuna lami ya bluu.

Mimi kila asubuhi nashuka mtoni nabonyeza mbao zote, ndipo Priscila apande. Wananiita Mama Kidole. Leonsia ndiye aliyelianzisha jina hilo, na siku hizi hawapandishi wanawe mpaka nimalize.