Kinyozi Chini ya Meza

Serikali ilipotangaza kwamba hata watoto wa darasa la kwanza sasa wanaweza kusoma kwa mtandao, kinyozi mmoja alifurahi utadhani yeye ndiye aliyeandikishwa. Mjukuu wake, Kishindo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kupita mahali bila kuangusha kitu, angesomea sebuleni, pazia moja tu kutoka kwenye kiti cha kunyolea. Mama wa mtoto alikuwa mbali kikazi, na wazo la nyumba ile bila vishindo lilimtisha kinyozi vibaya sana.

Ila kulikuwa na sharti. Mwalimu alisema mtoto atakayeshindwa jaribio la Ijumaa atarudishwa kwenye darasa la kawaida. Darasa la kawaida liko mjini, na mjini maana yake kwa shangazi, na kwa shangazi maana yake kinyozi abaki akipiga soga na mashine ya kunyolea.

Hapo ndipo akili zilipomruka. Ijumaa asubuhi, mtu mzima na kitambi chake, alijikunja chini ya meza, magoti yamekaribia masikio, ili amnong'oneze mtoto majibu. Kwa kuwa kule chini haoni kitu, alichukua kile kioo cha mkono anachowaonyeshea wateja visogo vyao, akakitokeza pembeni mwa kiti cha mtoto, akakiinamisha hivi na vile mpaka kompyuta yote ikaonekana. Nyuma ya pazia alimwacha fundi bomba, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, kwa ahadi kwamba anarudi sasa hivi.

"Haya, Kishindo," mwalimu alianza, "tazama picha. Kuku yuko upande gani wa nyumba, kulia au kushoto?"

Kinyozi akachungulia kioo. Kuku huyu hapa, hana wasiwasi. "Kulia!" akanong'ona.

Kishindo akaitazama picha. Akainama kidogo, akamtazama babu yake. Akashusha pumzi. "Kulia," akasema.

"Mh. Angalia vizuri, mwanangu. Na ndoo je?"

"Kushoto!" ikatoka sauti chini ya meza.

"Kushoto," akasema Kishindo.

Jamani, mtu akiitazama dunia kwenye kioo miaka nenda miaka rudi, husahau kwamba kioo kinageuza. Mteja akimwambia apunguze kulia, kinyozi wetu hufuata kioo, ndiyo maana nusu ya mtaa hutembea imepunguzwa upande ambao haikuutaka. Kwa hiyo hakushtuka hata chembe. Alichoona ni kwamba mwalimu ndiye mwenye matatizo.

"Mwalimu gani huyu asiyejua kulia na kushoto?" akanung'unika, tena si kwa sauti ya chini.

"Kuku yuko kushoto, mzee!" fundi bomba akadakia, nusu ya kichwa chake imeshatokeza kwenye pazia. "Mimi namwona kutoka huku!"

Mwalimu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuona mengi, akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," kinyozi akaitikia kutoka chini ya meza. Mdomo ulikuwa umeshaiwahi akili.

"Tafadhali toka huko. Leo nimeshamtoa bibi mmoja kabatini na baba mmoja nyuma ya kochi. Toka, umwache mtoto ajibu mwenyewe."

Kinyozi akatoka akijigonga kichwa, aibu imemvaa mwili mzima. Akasimama nyuma ya pazia, akamshika fundi bomba bega. Machozi yalikuwa karibu. Mtoto amekosa yote mawili, basi ndiyo imekwisha, aende akamnunulie begi la safari.

"Mti uko wapi?" mwalimu akauliza.

"Kushoto."

"Mbwa?"

"Kulia. Na mkia wake uko kushoto. Na yule kuku na ndoo nilikosea, kuku ni kushoto, ndoo ni kulia."

Akaulizwa tena na tena, na kila jibu likaenda pale pale linapotakiwa.

"Umefaulu, Kishindo," mwalimu akasema. "Utaendelea kusoma nyumbani."

Fundi bomba akapiga kelele za ushindi. Kinyozi akarudi sebuleni, akapiga magoti mbele ya mjukuu wake.

"Kumbe ulikuwa unajua yote! Sasa mbona ulikuwa unasema ninayosema mimi? Ungepelekwa kwa shangazi yako, mwanangu. Ningefanya nini mimi?"

Kishindo alimtazama kama anayemwonea huruma.

"Babu, ulikuwa unakosa," akasema, "halafu ulikuwa peke yako huko chini. Nikaona tukose wote."