Upande wa Kushoto wa Padi

Kaka Waya alipomwona Fundi mlangoni pa duka lake kwa mara ya tatu wiki ile, alivua miwani akaiweka mezani taratibu, katikati ya maiti za redio na simu.

"Shemeji, usiniambie imekataa tena."

"Imekataa," alisema Fundi. Akatoa ile padi ya kijivu ya kuchezea gemu kwenye mfuko, akakifungua kitambaa cha bitana alichoiviringishia. "Anasema siyo yenyewe."

"Nani anasema? Padi au mtoto?"

"Mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa mumewe, wa miaka kumi na mitatu. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo wa kulala kwenye kiganja, wakamwita Njiti, na jina likamganda hata alipokuja kurefuka akampita baba yake mabegani. Mama yake mzazi alifariki alipokuwa na miaka tisa. Mwaka jana baba yake, dereva wa lori la masafa marefu, alimwoa Fundi, naye akahamia pale na cherehani yake ya miguu, makasi yake matatu na debe la vifungo.

Njiti hakumkosea adabu. Afadhali angemkosea, wakagombana yakaisha. Aliamkia asubuhi, aliosha vyombo bila kuambiwa, na alimwita "Fundi" vilevile wanavyomwita wateja. Fundi, chumvi imekwisha. Fundi, kuna mtu wa sare mlangoni. Kisha anaingia chumbani na mlango unarudishwa polepole, usije ukampigia mtu kelele.

Ndipo dada wa baba yake alipokata shauri. Jumamosi atakuja kumchukua, akaishi kwake moja kwa moja. "Wifi, wala usinielewe vibaya," alimwambia Fundi, "kosa hujafanya. Lakini mtoto wa kaka yangu alikuwa mdomo haumtoshi, na sasa amekuwa bubu." Baba mtu, kutoka huko safarini, alisema kwenye simu aulizwe mwenyewe. Njiti alipoulizwa alijibu, "Sawa tu." Ile sawa tu ilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa ameanza kumpenda yule mtoto, na hakujua amwambieje.

Kilichompa matumaini ni gemu. Alipokuwa akipanga kabati alikuta chini ya mablanketi kisanduku cha gemu ya zamani, kimekufa, na padi yake moja, kile kishikio cha kuchezea: msalaba wa kuendea upande wa kushoto, vitufe viwili vyekundu upande wa kulia. Mume alimweleza kwamba marehemu mkewe na Njiti walikuwa wakicheza kila jioni, wakipiga makelele mpaka jirani anagonga ukuta. Basi Fundi akaenda kwa Kaka Waya akachukua kisanduku kipya, kidogo kama kipande cha sabuni, chenye zile gemu za zamani zote ndani, pamoja na padi mpya isiyo na waya.

Njiti alipoiona gemu yake kwenye runinga, yule mzimamoto mfupi anayekimbia juu ya mapaa, macho yalimtoka. Akashika padi. Dakika chache baadaye mzimamoto alikuwa ameanguka barabarani mara zisizo na idadi, na Njiti ameiweka chini. "Hii siyo yenyewe," akasema.

Fundi akaona kweli, mkono umezoea chake. Akaipeleka ile padi ya kijivu dukani. Kichwa cha waya wake hakikuingia kwenye kisanduku kipya, kikatafutiwa adapta. Kwa adapta vitufe vikapinduka: ukitaka kupuliza maji, mzimamoto anarusha kamba. Kaka Waya akavipanga upya kimoja kimoja. Halafu ikaonekana runinga bapa inachelewa, unabonyeza leo mtu anaruka kesho, naye akamwonyesha Fundi mahali pa kuiambia runinga kwamba sasa ni gemu, iache kuipodoa picha kwanza. Kila mara Njiti alijaribu, akaanguka, akasema bado.

Sasa, mara hii ya tatu, Kaka Waya aliichomeka ile padi kwenye runinga ya dukani, akacheza mwenyewe mtaa wa kwanza wote, akazima moto mpaka wa mwisho.

"Shemeji, padi hii ni nzima kuliko mimi. Mimi najua waya. Ugonjwa ukitoka kwenye waya ukaingia mtu, siuwezi."

Fundi alirudi nyumbani akilifikiria neno hilo. Ilikuwa Ijumaa mchana. Alimpa Njiti padi ajaribu tena, akakaa kwenye cherehani, akaigeuza kidogo, ili badala ya runinga amwone Njiti. Huwatazama hivyo hivyo wanafunzi wake wa ushonaji: haangalii kitambaa, anaangalia mikono.

Kidole gumba cha kulia cha Njiti kilikuwa kinacheza. Maji, kamba, maji, kamba, bila kutazama. Cha kushoto kilikuwa kama cha mtu mwingine, kizito, kinachelewa, kinabonyeza msalaba kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba asiyoijua. Na kulikuwa na jambo jingine. Njiti hakuiweka padi mbele ya kifua. Aliisogeza kando, nusu yake ya kushoto ikaning'inia juu ya nafasi tupu ya kochi, mkono wake wa kulia ukalazimika kuvuka tumbo kuifuata.

Mguu wa Fundi ukasimama kwenye pedali.

"Njiti," akasema, "upande huo wa kushoto alikuwa anashika nani?"

Mzimamoto akaanguka. Njiti hakumwanzisha tena.

"Mama. Vidole vyangu vilikuwa havifiki huku na huku. Akasema basi, yeye miguu, mimi mikono."

"Na ulipokua?"

"Vilifika. Lakini hatukubadilisha."

"Huo mkono wa kushoto ungejifunza tu, siku mbili tatu."

"Sitaki ujifunze," alisema Njiti, na sauti ikakatika. Akajifuta pua kwa kiwiko. "Padi haina kosa. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ila ulikuwa unahangaika kwenda na kurudi, na mimi nikashindwa pa kuanzia."

Fundi alinyanyuka kwenda kukaa naye. Alipofika karibu na ile nafasi tupu, aliona bega la mtoto limejikaza, kidogo tu, kama ng'ombe anapoguswa na nzi. Hakukaa. Alipitiliza mpaka dirishani, akachukua bunda la uzi ambalo wala hakulihitaji, akatoka nalo uani na simu.

"Shemeji," alimwambia Kaka Waya, "padi mbili zinaweza kuwa mtu mmoja?"

"Watu wazima wote wanataka padi moja iwe watu wawili, wewe unataka kinyume?"

"Jibu, shemeji."

"Ipo. Ya kijivu utumie mikono tu, mpya utumie miguu. Ingia ndani, nikuelekeze. Na usibonyeze kitu kabla sijakwambia, nakujua."

Alielekezwa, akabonyeza kabla hajaambiwa, wakaanza upya. Ilipokubali, Fundi hakusogea kochini. Alivuta kigoda chake cha cherehani, akashika padi mpya.

"Ile yenu baki nayo wewe," akasema. "Huo upande uache ulivyo. Mimi nitakuwa miguu kutoka huku."

Njiti aliiangalia padi ya kijivu. Akaisogeza kulekule kando, nusu yake ya kushoto juu ya nafasi tupu, na mkono wake wa kushoto akauweka chini ya paja. Akaanzisha.

Lo! Fundi alikuwa balaa. Alimkimbiza mzimamoto motoni, akampandisha ngazi ambayo haikuwepo, akamtembeza kinyumenyume.

"Kushoto! Fundi, kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwake?"

"Kushoto ni kushoto! Hakuna kushoto kwa mtu!"

"Usinipigie kelele, naendesha!"

"Hapo unaendesha au unakanyaga cherehani?"

Wakaanguka wakacheka, wakaanguka tena. Waliendelea mpaka sufuria ikaungua jikoni, na Jumamosi asubuhi Njiti ndiye aliyewasha. Fundi alianza kuipata: kukanyaga, kuachia, kukanyaga. Walivuka mtaa wa kwanza.

"Mama alikuwa anafika mpaka bandarini," Njiti alisema, macho kwenye runinga. "Wewe hata soko hujalipita."

"Mama yako alikuwa na miguu mizuri."

"Sana. Na akianguka alikuwa anasema kiatu kimemtoka." Na akaanza kusimulia, kuhusu jirani na ukuta wake, na siku mama yake alipocheza na uji ukafurika jikoni, moja ikiivuta nyingine, huku kidole chake kikipuliza maji. Fundi hakumkatiza ila kuuliza njia.

Walikuwa sokoni, juu ya paa refu, Shangazi alipoingia bila kungoja karibu, mkoba begani.

"Hodi, wifi! Hee! Makelele haya yanatoka nyumba hii?"

"Shangazi, subiri, tukifa hapa tunarudi mwanzo!"

Shangazi akamtazama mtoto, akamtazama Fundi kwenye kigoda, akakaa kwenye kiti cha mlangoni na mkoba wake mapajani.

Walipofika mahali salama Njiti alisimamisha gemu, mzimamoto akiwa hewani na kamba mkononi. Akaingia chumbani, akatoka na begi. Fundi alikuwa ameapa hatamshika mtoto kwa nguvu. Alimfungia zipu iliyokwama.

Njiti alilitazama lile begi. Halafu akaifungua zipu, akatoa gauni moja na mswaki, akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Begi akalisukuma kwa mguu mpaka chini ya cherehani.

"Nalala kwako leo, Shangazi. Kesho narudi. Tumesimamisha katikati, na hii ukiizima inaanza mwanzo."

Shangazi akamgeukia Fundi. "Kweli, wifi?"

Kaka Waya alikuwa amemwonyesha Fundi kwamba kisanduku kile kipya kinakumbuka ulipofika hata ukikizima.

"Ndiyo hivyo, wifi," Fundi akasema.

"Kwa hiyo runinga iwake mpaka kesho?"

"Iwake."

"Na wewe usiguse," Njiti alimwambia Fundi, tayari yuko mlangoni. "Hata mazoezi usifanye. Ngoja nirudi nikuelekeze."