Mistari Nyuma ya Saa

Kabla hakujapambazuka, saa ya sebuleni ilitoa kale kasauti kake, ki!, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza. Bibi Hedwiga, kitandani, alingoja ilie. Alingoja mpaka gari la mkate likapita barabarani. Saa haikulia.

Ilikuwa siku ya sita sasa.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na uso wa saa aliuona kama sahani nyeupe tu. Alijua wakati kwa kuhesabu mlio. Kumi na mbili, kumekucha, inuka usali. Moja, dawa ya macho. Tisa, mjukuu wake Happyness yuko njiani kutoka shule. Aliyempangia hayo ni marehemu mumewe, Obadia. Walipohama Morogoro kuja Johannesburg, Obadia akirudi kwao baada ya miaka ya ukimbizi, Hedwiga alimwambia saa inamchanganya, alfajiri inalia sita kana kwamba ni mchana. Obadia hakumcheka. Alipanda kigoda, akasogeza mishale, na tangu siku hiyo saa ikalia kwa hesabu ya kwao Morogoro.

Happyness, aliyezaliwa huku, alisoma saa kama alivyofundishwa shuleni. Jumapili iliyopita alitaka kumfurahisha bibi yake. Aliona saa imekosea kwa saa sita nzima, akaushika mshale akaurudisha nyuma kwa nguvu. Kitu kikalia tak! huko ndani.

"Eish, Bibi, nilidhani naitengeneza," alikuwa akisema kila siku.

"Najua, mama. Ulitaka kunifanyia wema."

Fundi wa kwanza, wa huko madukani, aliitazama akiwa amesimama. "Tupeni hii mashine, muweke ya betri. Hamtaona tofauti." Hedwiga alimpa chai, akamshukuru, akamsindikiza getini. Yeye saa alihitaji kuisikia, si kuiona.

Ijumaa Happyness alikwenda kusuka nywele mtaa wa Yeoville, akamkuta André, fundi saa wa Lubumbashi, Kongo, ambaye kimeza chake kiko mlangoni mwa saluni. Jumamosi asubuhi André alipanda kwa miguu mpaka kwao, mtaa wa Kensington, mfuko wa vifaa begani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hedwiga alisikia soksi zikipita sakafuni, akampenda hapo hapo.

André alifungua kabati la saa, lile Obadia alilolichonga mwenyewe. Kisha akainama, akachungulia ndani.

"Fundi, imekufa?"

"Hapana, Mama. Niko naangalia tu. Huyu muntu alikata meno ya magurudumu moja-moja, kwa tupa. Lete kidole, Mama."

Alikishika kidole chake akakipitisha juu ya gurudumu, taratibu. Jino, jino, jino, yote sawasawa.

"Ni nani alitengeneza?"

"Happyness, msomee ile karatasi."

Nyuma ya mlango wa kabati Obadia alikuwa amebandika karatasi. Mashine hiyo walipewa zawadi walipooana Morogoro na mwalimu Mswidi aliyefanya kazi na Obadia, na hadithi ya mwalimu huyo Obadia aliiandika kwa Kiswahili. Happyness alisoma polepole, akijikwaa.

"Erik Hansson alikuwa mkulima wa Uswidi. Shamba lake lilikuwa na mawe mengi kuliko viazi. Theluji ilipofunika kila kitu, alitengeneza saa jikoni, mkewe akimshikia mshumaa. Kila mwaka baada ya mavuno alitembea nyumba hadi nyumba kuzitazama saa zake. Aliitia saa mafuta, akakaa akaisikiliza, akala uji aliopewa, akakwaruza mstari mmoja nyuma ya mashine, akaenda zake. Malipo alikataa. Alisema saa ni kama binti uliyemwoza mbali, lazima uende ukamwone."

André aliigeuza mashine, akawasha tochi. "Iko hapa! Mistari thelathini na mmoja. Wa mwisho umepinda, mkono ulikuwa unatetemeka."

"Alikuja hata uzeeni," alisema Hedwiga kwa sauti ndogo. "Jamani, mtu huyo."

Kilichoharibika kilikuwa kijiti cha chuma kinachoinua nyundo ya kengele. Kilikuwa kimepinda. "Nikiharakisha kinavunjika," alisema André, "na kingine hakuna Joburg nzima." Happyness alimshikia tochi, pumzi amezibana. André alikinyoosha kidogo, akapumzika, akakinyoosha tena. Hedwiga alikaa mikono mapajani, akimwomba Mungu kimyakimya.

Hatimaye André alitazama simu yake, akapanga mishale. Saa ikasafisha koo, ki!, ikalia mara kumi.

"Imelia vizuri, baba," alisema Hedwiga. Haikuwa hesabu yake ya asubuhi. Angewezaje kumsumbua tena mtu aliyetembea mbali hivyo?

Happyness ndiye aliyesema. "Hapana, Anko. Hapa kwetu sasa hivi ni saa nne. Babu aliipanga hivyo kwa ajili ya Bibi."

André aliangua kicheko. "Siye Lubumbashi tunahesabu kama Wafaransa! Sawa. Lakini hii hairudishwi nyuma."

"Hilo nalijua," alisema Happyness, na bibi yake akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Basi zungusha mbele wewe mwenyewe. Kila saa uiache iseme yake imalize."

Happyness alipanda kigoda cha babu yake. Kumi na moja. Akangoja. Kumi na mbili, na Hedwiga akajikuta amefumba macho kana kwamba ni alfajiri. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

André alikula uji bakuli mbili. Kisha akatoa sindano ya chuma. "Mama, unanipa ruhusa nikwaruze wangu?"

"Kwaruza, baba."

Hedwiga aliupapasa mstari mpya chini ya ule uliopinda. Makali yake yalikuwa bado hayajalainika. Akamsindikiza fundi mpaka getini, akaushika mkono wake, asiuachie upesi.

"Mwenzako alirudi kila mwaka," alisema. "Na wewe usitutupe. Uje tena utuone, hata kama haijaharibika kitu."