Siku Lodu Alipoisifu Chai Yangu

Mume wangu Lodu akiisifu chai yangu, jueni ni mgonjwa. Ni mimi Goretti nasema, na anayebisha aje hapa mtaani kwetu Hai Malakal nimpe kikombe, tubishane vizuri.

Chai yangu ina tangawizi. Naiponda mwenyewe kila asubuhi, na wateja wangu, wengi wao watu wa boda, hukaa kwenye viti vya plastiki wakitoka jasho na kuomba tena. Lodu peke yake ndiye haitaki. Tangu tulipokuwa wakimbizi kule Koboko, Uganda, hata kabla ya ndoa, ni maneno yale yale: "Goretti, hii ni chai au dawa ya kikohozi?" Nami humjibu, "Kanywe kwa mama yako." Halafu anakunywa. Ndivyo tunavyopendana sisi.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, homa ilimpanda kichwani. Akaanguka akitetemeka, povu mdomoni, nikapiga kelele mpaka Ayanle, Msomali wa duka la jirani, akaacha wateja wake na kutupakia kwenye gari hadi hospitali moja ya mtaa wa Thongpiny. Daktari Akuac, dada mrefu asiye na haraka, akasema virusi vimeingia kwenye ubongo, tena ni vile vile ambavyo huwaletea watu wengi vidonda vya mdomoni tu. Vidonda vya mdomoni, jamani! Wakamtundikia dawa ya mshipani, akapona. Tulipotoka, daktari alinionya: "Mama, ukiona amebadilika, hata kidogo, mlete siku hiyo hiyo."

Wiki chache baadaye Lodu akaanza kuhubiri. Mtu ambaye kazi yake kanisani ni kupiga ngoma, ambaye hata tangazo hajawahi kusoma, ghafla anaongea kutwa kucha, anaona malaika juu ya bati, na mdomo wake unatafuna wakati hauna kitu. Mama Shallon, kiongozi wetu wa kwaya, alikuja kumjulia hali, akamtazama, akapiga vigelele. "Goretti, Roho ameshuka kwako! Huyu anatafuna Neno!" Basi habari zikatembea. Asubuhi yake ua wangu ulijaa watu. Huyu anataka kutabiriwa mtoto, yule anauliza kama shamba lake la Rejaf litazaa. Wakapanga Jumapili wamweke wakfu awe nabii. Nami sikatai, kuwa mke wa nabii kulikuwa kutamu kwa saa chache.

Kisha nikampelekea chai. Akainywa yote, akafuta mdomo, akanitazama kama mtu anayemtazama mwuzaji wa sokoni, akasema, "Chai nzuri sana, mama. Mungu akubariki."

Mama? Nzuri sana? Nikaogopa kuliko siku ile ya povu. Siku ile niliona anakufa. Sasa niliona ameshaondoka, ameniachia mwili unaotabasamu. Maneno ya daktari yakanirudia yote.

"Simama twende hospitali," nikamwambia.

Mama Shallon akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Yeye alikulia Uganda na Kiswahili chake ni cha huko. "Nabii hapana enda hospitali! Hii si malaria, hii iko Roho!" Uani wote wakaitikia amina. Ningewasukuma, nguvu ninazo, lakini Lodu mwenyewe alikuwa amekumbatia nguzo ya nyumba, hang'oki. Hasira hasara, Goretti, nikajiambia. Nikatafuta sauti ya unyenyekevu, ambayo kwa kweli huwa sina.

"Sawa, Mama Shallon. Lakini wale wagonjwa wa Thongpiny wana kiu ya neno. Nani atawahubiria?"

Lo! Lodu akaiachia nguzo. Mama Shallon akaagiza ngoma. Mimi na nabii wangu kwenye gari la Ayanle, kwaya nzima kwenye boda nyuma yetu, nyimbo na vigelele hadi lango la hospitali. Ayanle alicheka mpaka akakosa gia. "Goretti, wewe ni noma!"

Daktari Akuac hakucheka. Alimtoa Lodu maji ya uti wa mgongo, akapima: virusi havipo tena. Maji mengine yakapanda ndege kwenda kupimwa Nairobi, ila yeye hakungoja majibu, akaanza matibabu. Kisha akatoka nje kuzungumza na kwaya.

"Mbwa wa ulinzi alipigana na mwizi, akamfukuza," akasema. "Sasa mwizi hayupo, lakini mbwa hajatulia, anamwuma mwenye nyumba. Kinga ya mwili wa Lodu ilipambana na virusi, na sasa inaushambulia ubongo wake. Dawa ninayompa ni ya kumtuliza mbwa."

"Kwa hiyo si Roho?" Mama Shallon akauliza, sauti imeshuka.

"Roho simpimi, mama. Uvimbe wa ubongo naupima."

"Na maombi?"

"Ombeni sana. Ila ngoma ziende nyumbani, kuna watu wamelala."

Majibu ya Nairobi yalikuja kama daktari alivyosema. Polepole Lodu akaanza kulala, malaika wakaondoka juu ya bati, mdomo ukaacha kutafuna. Kila mtu akashukuru. Mimi bado. Kila asubuhi nilimpelekea chai kwenye chupa, na kila asubuhi alisema, "Asante, mama, nzuri sana," nami nikageukia ukutani ili asinione. Niliomba jambo ambalo sijasikia mke akiliomba: Mungu wangu, mume wangu anigombeze.

Ikafika asubuhi moja, Mama Shallon amekaa pembeni na Biblia yake, nikammiminia Lodu chai. Akaonja. Akakunja uso. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Goretti," akasema, sauti imekauka, "hii ni chai au dawa ya kikohozi?"

Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Mama Shallon akapiga vigelele mpaka wauguzi wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

"Kanywe kwa mama yako," nikamjibu, kamasi zikinitoka.

Halafu akanywa.