Faili la Bazilio

Winifrida alimwamini Bazilio kupita kiasi, na hapa sitamumunya maneno. Mwaka 2014 chuo kimoja cha uuguzi pale Kasulu kilitafuta mtunza mfumo wa matokeo, nafasi moja tu ya ajira, naye aliitamani kuliko kitu chochote. Akajenga ukurasa mkuu kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Faili la alama alimwachia Bazilio, rafiki yake wa Kibondo aliyesoma naye, awe analituma kwenye flashi kwa kondakta wa basi, maana intaneti ya siku zile ilikuwa ya kuvizia.

Makubaliano yalikuwa wazi: faili lirudishe orodha ya wanafunzi kwa return, amri ya kuukabidhi ukurasa data kimyakimya, lisichapishe chochote lenyewe. Lakini Bazilio alizoea kusahau humo ndani echo zake za majaribio, yaani amri za kuchapisha maneno kwenye skrini, zikachafua ukurasa. Winifrida akaweka kinga ya ob_start: kila kitu ambacho faili lingechapisha kinadakwa, kisha kinatupwa. Alimweleza Bazilio peke yake.

Siku ya kuonyesha kazi kwa mkuu wa chuo, Bazilio alikuja mwenyewe na faili jipya, akisema amesahihisha alama mbili tu. Winifrida alilipachika bila kulifungua. Ukurasa ukaonyesha tarakimu moja: 1. Alijaribu tena, ikawa ile ile. Bazilio akainuka kwa adabu, akaomba aonyeshe mfumo wake mwingine, eti aliutengeneza pembeni. Ukafanya kazi vizuri, na nafasi akapewa yeye.

Watu walipotawanyika, Winifrida alilifungua lile faili. Mstari wa return ulikuwa umefutwa. Faili lisiporudisha kitu, PHP huupa ukurasa ulioliita namba 1, kuonyesha tu kwamba limesomwa. Orodha nzima ilikuwa imechapishwa kwa echo, na kinga yake mwenyewe ndiyo iliyoitupa. Moyo ulimuuma vibaya, kwa sababu mtu mwingine aliyeijua kinga ile alikuwa mmoja tu duniani.

Aliufuta mstari wa kutupa, akafungua ukurasa upya. Majina yote themanini yakajipanga, na chini yake mstari mmoja zaidi: “Dada Winifrida, nisamehe.”

Akampigia simu.

“Bazilio, msamaha umeuandika mahali ulipojua nitautupa,” alisema.

Akaurudisha mstari wa kutupa mahali pake.

“Basi nimeutupa.” Akakata.